Kwa Mheshimiwa Mfumo, Kuhusu Choo Changu

Samweli Mhoja Masolwa,
Kitongoji cha Njiapanda,
Kijiji cha Itumbiko,
Kwa njia ya Ipole, Tabora.

Kwa Mheshimiwa Mfumo,
Popote ulipo.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU PICHA YA CHOO CHANGU, NA OMBI LA KUHAMIA KWENYE RAMANI

Mheshimiwa Mfumo,

Shikamoo sikupi, na naomba usinione sina adabu. Nimeambiwa ulizinduliwa mwaka juzi kwa ngoma na maturubai, na mimi nina wajukuu waliozaliwa kabla yako. Hata hivyo nakusalimu kwa heshima zote, maana tangu nizaliwe sijaona mkubwa anayeogopwa katika Unyamwezi hii kama unavyoogopwa wewe. Machifu nao waliogopwa, lakini mtu aliweza kwenda kwao na mbuzi wake wakayamaliza. Wewe hata mbuzi hupokei.

Wapo walionicheka niliposema nakuandikia barua. Mwanangu Amon alinieleza polepole, kama anayemweleza mtoto, kwamba wewe si mtu, ni kitu kilichomo ndani ya kompyuta na vishikwambi, na kazi yako ni kukusanya taarifa za afya za wananchi ili serikali ijue nani anaumwa wapi. Nilimwelewa vizuri tu. Lakini nimekwenda kwa Damas, mtendaji wetu wa kijiji, akaniambia mfumo umeshafunga. Nimekwenda ofisi ya kata, nikaambiwa mfumo haukubali. Nimepanda gari mpaka mjini, nikakaa kwenye benchi hadi miguu ikafa ganzi, na kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni akaniambia kwamba yeye kama yeye anaona nina haki kabisa, mzee wangu, ila mfumo. Hakumaliza sentensi, akarudi kwenye simu yake. Sasa kama watu wote hawa wenye ofisi na feni wanakuogopa hivyo, kuna faida gani kuwaandikia wao? Nimeona nimwandikie bosi wao.

Mimi ni mzee wa kanisa, Moravian, na ni mteuzi wa tumbaku mstaafu. Kama hujui, mteuzi ni yule mtu anayeshika jani, analinyoosha, analinusa, kisha anasema daraja lake mbele ya mkulima mwenyewe. Sijawahi kuteua tumbaku kwa picha, na ningejaribu, wakulima wa Ipole wangenifungia ndani ya bani la tumbaku wakawasha moto. Nakutajia haya ili ujue unaongea na mtu mwenye taaluma.

Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Umechukua choo changu, ukakigawa.

Choo hicho alinijengea Amon kwa matofali yaliyobaki alipotengeneza bani la kukaushia tumbaku. Kina mlango wa mbao wenye komeo, sakafu ya saruji, na bomba la hewa lenye wavu wa kuzuia nzi. Nje kuna kibuyu chirizi, yaani kidumu kinachoning'inia kwenye kijiti; unakanyaga kamba, maji yanakumiminikia mikononi. Kiko kando ya ile njia ya zamani ya misafara, na naamini katika wapagazi wote waliopita hapa na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani, hakuna aliyewahi kuona kitu cha namna hiyo.

Basi akaja Recheli. Recheli ni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chetu, binti mwenye bidii, na sina ugomvi naye. Alikuwa amepewa kishikwambi pamoja na agizo kwamba kila kaya ipigwe picha ikiwa na choo bora, na kazi yote iishe kabla wageni hawajafika kutukabidhi cheti. Agizo la kuchimba vyoo halikuwepo. Lilikuwepo la kupiga picha.

Alianza kwangu kwa kuwa niko barabarani. Akiwa bado anatafuta pa kusimama ili jua lisimuumize macho, akapita jirani yangu Mayala. Mayala ni mrina asali, na choo chake ni msitu wote kuanzia nyuma ya nyumba yake mpaka ilipo mizinga. Akasimama, akakitazama kile choo kama anayetazama gari jipya, akauliza kama na yeye anaweza kusimama nacho. Recheli alikisoma kipengele chako mara mbili, akaona kinataka picha ya kaya na choo, na hakiulizi choo ni cha nani. Mayala akakimbilia kwake kuvaa koti.

Kufikia mchana foleni ilikuwa imevuka barabara. Kaya zilikuja zimevaa nguo za Jumapili. Wengine walileta kochi, kwa kuwa bibi yao hawezi kusimama muda mrefu. Mwanamume mmoja alisimama na mkono juu ya bomba la hewa kama mtu aliyekijenga kwa jasho lake. Mama mmoja alinitaka nimfungulie mlango ili sakafu ionekane, kisha akaweka chupa ya maua ndani, akapigwa picha, akaondoka na maua yake. Kina mama wa kwaya walitaka kupigwa kwa pamoja, Recheli akawakatalia. Mpaka sabuni yangu ya kibuyu chirizi ilikwisha kwa watu kuonyesha wanavyonawa.

Utaniuliza kwa nini sikuwafukuza. Mheshimiwa, mtu akifika nyumbani kwako na familia yake, amevaa vizuri, unamfukuzaje? Mke wangu angekuwa hai angewapikia.

2. Mwenye choo ndiye umemwandika hana choo.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, ingawa nasikia huna masikio. Kwetu mwenye nyumba hali kabla ya wageni. Kwa hiyo kaya yangu ilingoja mpaka kijiji kizima kikamaliza, tukawa wa mwisho. Na ilipofika zamu yetu, sikukubali kusimama mbele ya choo pamoja na Eustadia, mke wa Amon, kwa kuwa mimi ni baba mkwe wake, na baba mkwe hapigwi picha na mkwewe mahali pa namna hiyo. Eustadia mwenyewe alikuwa ameshajificha nyuma ya bani kwa aibu. Nikamwambia Recheli akipige choo peke yake, kinatosha, kinajieleza.

Recheli akapiga, akatuma. Wewe ukajibu, kwa maandishi mekundu, kwamba picha hii imeshatumika. Ukaongeza: Kaya ya Samweli Mhoja Masolwa, haina choo.

Watu wote waliopigwa picha kwa mgongo wa choo changu uliwakubali bila hata kupepesa macho, kwa kuwa nyuso zao zilikuwa tofauti. Mimi niliyekileta choo chenyewe, bila mapambo ya bibi wala kochi, ukanikatalia. Recheli alilia. Alijaribu tena na tena mpaka kishikwambi kikaishiwa chaji, kila mara jibu likawa lile lile. Katika maisha yangu nimewahi kuambiwa tumbaku yangu ni mbovu na wanunuzi wanaojua fika kwamba ni nzuri, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba sina tumbaku huku ameishika mkononi.

3. Umehamishia kijiji kizima chooni.

Amon anasema kila picha hubeba alama ya mahali ilipopigwa. Damas alinionyesha ramani yako kwenye kompyuta ya ofisi. Nilitafuta Itumbiko kwa muda mrefu. Nilitafuta mashamba, kanisa, msikiti, zahanati, nyumba ya Mayala, sikuona kitu. Kulikuwa na nukta moja tu nene ya kijani, na ukiigusa inafunguka, inatoa majina ya wakuu wa kaya wote, mmoja chini ya mwingine. Kwenye ramani yako wananchi wote wa Itumbiko, pamoja na watoto na kuku, wanaishi ndani ya choo changu. Mimi peke yangu niko nje, nimepakwa nyekundu, nimesimama kama mtu anayesubiri zamu.

Damas hakuona ajabu yoyote. Alisema cha muhimu takwimu zimepanda.

4. Umetupaka kijani, ukatuaibisha kwa cheti.

Wageni walifika kwa magari ya vioo vyeusi. Tulipewa cheti cha Kijiji Safi chenye fremu, na mgeni mmoja alitoa hotuba ndefu kwamba Itumbiko ni mfano wa jinsi teknolojia inavyoboresha afya ya jamii, kwamba zamani ilichukua miaka kijiji kuwa na vyoo lakini sasa kwa kubonyeza tu mambo yanakwenda. Alisema kweli. Wakati anasema, nilimwona Mayala anaingia msituni.

Kisha Damas akasimama na kipaza sauti, akasema kwa masikitiko kwamba ipo kaya moja tu iliyotuangusha, na kwamba ni jambo la kushangaza kwa kuwa ni ya mzee wa kanisa. Watu waligeuka kunitazama. Nilitazamwa na watu waliokuwa wametoka kutumia sabuni yangu, na wala hawakuona haya! Wengine walitikisa kichwa. Mmoja alinifuata baadaye kunishauri kirafiki nijitahidi.

Nilitaka kuwaonyesha wageni choo chenyewe, kilikuwa hatua chache kutoka kwenye turubai, lakini ratiba haikuruhusu. Walikuwa wamekuja na maji yao ya chupa, wakanywa, wakaondoka. Kisima chetu hawakukiuliza.

5. Umekataa kuhara kwetu.

Mpaka hapo, Mheshimiwa, nilikuwa nakuona kichekesho tu. Nilikuwa nakusimulia kanisani baada ya ibada, na watu walikuwa wanacheka, na wewe mwenyewe ungecheka kama ungekuwa na meno. Jambo la tano sicheki.

Baada ya cheti zilikuja mvua kubwa. Maji yalishuka kutoka mlimani yakaingia kisimani, na watu wakaanza kuhara na kutapika. Eustadia asubuhi alikuwa anakoka moto na kuimba. Mchana hakuweza kusimama. Macho yalikuwa yameingia ndani na ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Pale zahanati tulikuta watu wameshalala mpaka kwenye mabenchi ya nje.

Nesi Elieth, ambaye zahanati nzima iko mikononi mwake, alikuandikia kwa simu yake kama mnavyowafundisha. Alikutajia wagonjwa, akakuomba dripu, akakuomba klorini ya kutibu kisima. Wewe ulimjibu kwamba kijiji hiki kaya zake zina vyoo bora, hivyo taarifa ya kuhara hailingani na takwimu, tafadhali hakiki upya. Elieth akahakiki. Sijui ulitaka ahakiki vipi zaidi, maana waliokuwa wanahara walikuwa mbele yake. Akatuma tena. Ukamshukuru kwa kutumia huduma yako.

Klorini ilikwenda kijiji jirani. Wale mhudumu wao alipiga picha ya kila shimo lilivyo, la nyasi ni la nyasi, lisilokuwepo halipo, kwa hiyo wao ni wekundu kwenye ramani yako na wewe unawahurumia wekundu. Nasikia walipata katoni nyingi, na hakuna aliyekuwa anaumwa. Wametusaidia nusu katoni kwa hiari yao, kwa pikipiki, bila kukuuliza. Mungu awabariki.

Dripu zilipokwisha, Amon alimpandisha mke wake kwenye pikipiki, akamfunga mgongoni kwake kwa khanga kama mtoto ili asidondoke, akaondoka naye kwenda hospitali kwenye ile barabara unayoijua, au tuseme usiyoijua. Kichwa cha Eustadia kilikuwa kinacheza begani kwa Amon kila wakirukia shimo. Nilisimama njiani nikiwatazama mpaka wakapotelea kwenye miti. Hapo nilikuchukia, Mheshimiwa, na naomba uandike hivyo kwenye kipengele chochote kinachohusika.

Wamemweka kitandani na dripu, na mpaka naandika barua hii sijui kama atapona. Mtoto wao Benedikta yuko kwangu. Ananiuliza mama anarudi lini, na mimi babu yake, mteuzi wa daraja la kwanza, kila siku namjibu kesho.

6. Unanitumia ujumbe.

Jioni ile ile ambayo Amon aliondoka na mgonjwa, simu yangu iliita. Nikaikimbilia nikidhani ni habari za hospitali. Ulikuwa wewe. Ulisema: Ndugu mwanakaya, afya yako ni kipaumbele chetu, nawa mikono kwa maji tiririka na sabuni. Nikakujibu kwamba mke wa mwanangu anakufa na kwamba sabuni mliimaliza wenyewe. Ikaja alama kwamba namba hii haipokei ujumbe. Sasa wewe ni mtu wa namna gani, unaingia nyumbani kwa watu, unasema yako, halafu unaondoka kabla hujajibiwa?

Nikiwa kijana tulikuwa na bwana afya aliyeitwa Abdulatifu, mtu wa Tabora mjini, alikuwa anazunguka vijiji kwa baiskeli. Kanuni zake za afya ya jamii zilikuwa chache na za kuudhi. Alikuwa haombi kuonyeshwa choo, anakifuata mwenyewe. Anatazama kwanza njia ya kwendea, akikuta majani yameota katikati anajua choo ni cha maonyesho. Anafungua mlango, ananusa, anachungulia shimoni kwa tochi, kisha anakuja barazani na kuomba maji ya kunywa, na ukisita kumpa anajua yote. Tulimchukia sana. Tulimwita Fisi, kwa sababu ya pua. Lakini alipokuja mtu na habari kwamba Itumbiko wanahara, hakutuambia hatulingani na takwimu.

Simaanishi nawe uwe na baiskeli. Najua simu inakimbia kuliko baiskeli, na habari ya ugonjwa ikikimbia inaokoa watu. Hilo hata Benedikta analijua. Nauliza tu, kama wewe huna pua, na aliyekutengeneza alijua huna, kwa nini hakukuazima ya mtu?

7. Umesababisha nitukanwe.

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Juzi Nesi Elieth alisimama nje ya zahanati, akiwa hajalala wala kula, akawaambia watu kwa sauti ya juu kwamba kisima kimechafuka, kwamba wapo watu wazima wanaojisaidia kwenye vichaka vya mlimani juu ya kisima, mvua ikinyesha walivyoviacha huko vinashuka kisimani, na kwamba Itumbiko tunakunywa vya kwetu wenyewe. Alitumia neno lenyewe. Kulikuwa na wazee pale, kulikuwa na katekista wa Kikatoliki na shehe.

Niliumia kwa niaba ya kijiji. Nilimwambia mbele za watu kwamba anatudhalilisha, na kwamba kama wapo wahuni wa hivyo awataje kwa majina. Akasema shikamoo mzee, akaingia ndani. Kama wewe ungetibu kisima kwa wakati, binti yule asingechoka kiasi cha kukosa heshima kwa watu wazima. Kwa hiyo tusi hilo ni lako.

OMBI.

Mheshimiwa, sikuja kulaumu tu. Nimefikiri sana, na nimeona tatizo ni dogo. Wewe na sisi tunaishi vijiji viwili tofauti vyenye jina moja. Kwako picha ya choo ni choo. Basi kwa nini picha ya dripu isiwe dripu? Tutumie picha za dripu, Nesi Elieth azitundike kwenye misumari. Tutumie picha ya klorini tuitumbukize kisimani. Nimeona kwamba hata hivyo haitoshi, kwa kuwa huku kwetu watu bado wana matumbo, na matumbo hayakubali picha.

Kwa hiyo, badala ya kukuomba ulete afya Itumbiko, naomba utuhamishie sisi huko ilipo. Wananchi wote wa kijiji hiki tunaomba viwanja kwenye ramani yako. Kuhama tumezoea, miaka ile ya kujenga vijiji tulipakiwa kwenye malori na vyungu vyetu tukashushwa porini, na tukakaa. Huko kwako naona hakuna mvua ya kujaza kisima uchafu, hakuna ndorobo wa kutuuma, hakuna tumbili wa kula mahindi. Kila kaya ina mlango wa mbao na komeo. Hakuna anayehara, na akihara unamwambia ahakiki upya, anapona. Eustadia apewe kiwanja cha kwanza, tafadhali, kabla ya mimi na kabla ya Damas.

Na nyumba zetu zikibaki tupu, uje wewe ukae huku. Nitakuachia ufunguo wa kwangu. Kisima kiko bondeni, si mbali. Ukifika utakuwa na kiu, basi chota ndoo nzima, unywe bila kuchemsha, kisha ujiandikie taarifa.

Barua hii nampelekea Recheli aipige picha na kukutumia, kwa kuwa wewe husomi karatasi. Nimehakikisha hakuna mtu mwingine aliyepigwa nayo.

Nisalimie wote wa huko kwako. Msalimie sana Mzee Seva, ambaye kila nikifika ofisini naambiwa ameanguka; sisi wazee wa kanisa tunamwombea. Msalimie Mtandao, mwambie Itumbiko tunasikia habari zake ila hatujamwona tangu mvua zianze. Yule kijana wa kitambulisho mwambie sentensi yake nasubiri aimalizie. Salamu kwa watoto wako wote, Vipengele wadogo na wakubwa. Na kama unaye mama, basi huyo ndiye anayestahili shikamoo yangu, mpe.

Wako mtiifu, ninayesubiri nje ya choo changu mwenyewe,

Samweli Mhoja Masolwa,
Mkuu wa kaya isiyo na choo.

Nyongeza:

Barua ilikuwa imeshakunjwa Amon alipoingia kutoka hospitali. Eustadia amekaa kitandani mwenyewe na amekunywa uji. Nilitoka nje nikalia, nikarudi. Pamoja na salamu ametuma neno kwa kupitia mume wake, kwa sababu mambo haya mkwe hamwambii mkwe usoni. Anasema akipata nguvu atachimba choo cha pili nyuma ya bani, na hicho kitakuwa cha baba peke yake.

Sasa imenibidi nikueleze jambo ambalo hukuuliza. Choo kile cha matofali sijakiingia tangu Eustadia aolewe hapa. Mwanamume anayejiheshimu hachuchumai alipochuchumaa mke wa mwanawe. Hata kuonekana ameshika njia hiyo ni aibu. Kila asubuhi mimi nashika njia ya mlimani, juu ya kisima, na huko nakutana na wazee wenzangu wenye wakwe nyumbani, tunasalimiana kwa mbali, kila mtu na kichaka chake. Wengine wana vyoo vizuri tu ambavyo wamewaachia wakwe zao. Wahuni niliomtaka Nesi awataje ni sisi, na yeye alijua aliponijibu kwa shikamoo.

Kwa hiyo malalamiko yangu, la kwanza mpaka la saba, yaweke kwanza pembeni. Umekosea kijiji kizima, lakini kaya yangu uliiandika sawasawa. Na Eustadia amelazwa kwa maji niliyoyachafua mimi kwa kumheshimu.

Samahani kwa mwandiko wa nyongeza hii. Nimetoka shimoni nyuma ya bani sasa hivi, limenifika kiunoni, na mikono bado ina udongo.